Ufundi wa Kumfikia wa Mwisho

Kila baada ya dakika kumi na tano, setilaiti ya hali ya hewa ya Meteosat iliyo juu ya Bahari ya Hindi, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, humaliza kuupiga picha upande wa dunia unaoielekea. Huanza kusini na kupanda kaskazini, mstari kwa mstari, hadi mistari 3,712 itimie. Picha hiyo haisambazwi ikiwa nzima. Huko Darmstadt, Ujerumani, yaliko makao makuu ya EUMETSAT, shirika linaloiendesha setilaiti hiyo, hukatwa vipande vinane, kila kimoja kikiwa na mistari 464. Ikweta hupita penye mshono wa kipande cha nne na cha tano. Tanzania yote, kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, imo katika kipande cha nne. Milima ya Uluguru imo humo pia, nayo ni midogo kweli: kila kitone cha picha hubeba eneo la kilomita tatu hivi kwa tatu, kwa hiyo safu nzima, kutoka kaskazini hadi kusini, ni vitone kama kumi na tano tu.

Kipande hicho kikipotea njiani, mtabiri anaikuta Ulaya, anaikuta Sahara, anaikuta Afrika Kusini, na pale palipokuwa na nchi yake pana utepe mweusi.

Wenyeji huuita Morogoro, ulio chini ya Uluguru, mji kasoro bahari. Hata hivyo bahari ndiyo inayounywesha. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki ya Uluguru, upande wa Kinole, Tegetero na Matombo, hupoa na kumwaga maji. Mlima ukishachukua haki yake, mji ulio upande wa pili hugawiwa salio. Maji hayo hushuka kwa mito ya Ruvu, Mgeta na Ngerengere, na Ruvu ndiyo tegemeo la mabomba ya Dar es Salaam. Ukiwa mjini unaiona mvua pale kilele cha Lupanga kinapofunikwa na wingu, yaani imekwisha kufika. Anayetaka kuiona ikiwa bado baharini lazima atazame kutoka juu, na kwa hiyo lazima kipande cha nne kimfikie.

Nami nataka kuusifia ufundi wa kukifikisha. Macho ya chombo kilicho ndani ya setilaiti hiyo ni kumi na mawili. Picha za kumi na moja hukatwa vipande vinane vinane. Ya jicho la kumi na mbili, lenye kuona kwa undani zaidi, hukatwa vipande 24. Ongeza faili la kufungua na la kufunga, unapata mafaili 114 kila robo saa, mchana na usiku. Hupelekwa kwa huduma iitwayo EUMETCast: yanarushwa mara moja hadi kwenye setilaiti ya mawasiliano, nayo inayamwaga juu ya bara zima, na kila mwenye dishi na kibali anayadaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ni miongoni mwa wadakaji hao, kama zilivyo taasisi za hali ya hewa za nchi nyingi za Afrika. Wataalamu wa mitandao huuita upelekaji wa namna hii maltikasti: mtumaji mmoja, ujumbe mmoja, wapokeaji wengi kwa wakati mmoja.

Uzuri wake uko wazi. Wapokeaji wakiwa kumi au elfu, mtumaji anasema mara moja tu. Ila dishi lile hupokea bila kujibu. Haliwezi kusema asante, wala kusema samahani sijasikia. Mtumaji hajui nani amepata na nani amekosa. Pamoja na hayo picha hufika nzima, siku baada ya siku. Aliyewahi kujaribu kupakua faili kubwa kwa simu mvua ikinyesha anajua kwamba jambo hilo halitokei lenyewe.

Ugumu wake unaonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Tuseme wapokeaji ni 1,000, na kila mmoja hupoteza pakiti moja, yaani kijisehemu kimoja cha faili, katika kila mia, kila mtu kwa bahati yake. Kwa mtu mmoja hiyo ni hali ya kuvumilika. Kwa kundi ni balaa. Uwezekano wa pakiti yoyote kuwafikia wote elfu ni kama 4 katika 100,000. Kwa wastani kila pakiti inayorushwa huwakosa watu kumi, na kila mara ni kumi wengine. Mtumaji akiamua kurudia kila kilichokosekana, atajikuta anarudia karibu kila kitu, na katika kurudia huko watakuwapo wa kukosa tena. Hapo ndipo fundi wa maltikasti anapotofautiana na fundi wa mazungumzo ya watu wawili. Yeye hapimwi kwa mpokeaji wa kawaida. Hupimwa kwa aliyekosa.

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kudai risiti: kila anayepokea ajibu. Hebu mfikirie mwenyekiti wa kijiji anayesoma tangazo mbele ya watu elfu, halafu anataka kila mmoja aseme “nimesikia”. Sauti elfu zitamfunika, na wakati anahesabu, tangazo la pili limelala mkononi. Mtandao unaodai risiti za namna hiyo huzama katika mafuriko yake. Mwenyekiti mwenye busara huuliza kinyume chake: nani hakusikia? Walio wengi wananyamaza, na kunyamaza kwao ndiko risiti.

Lakini asiyesikia atajuaje kwamba kuna kitu hakusikia? Ndiyo maana kila tangazo hupewa namba. Ukisikia la sita kisha la nane, unajua la saba limekupita. Likikupita la mwisho, je, ambalo halina la kulifuata? Basi mwenyekiti, hata akiwa hana jipya, kila baada ya muda hutamka namba aliyofikia. Huoni uhodari wowote katika kanuni hiyo mpaka uiondoe, ndipo mfumo mzima unapoanza kuacha watu nyuma bila wao kujua.

Bado kuna shida moja. Bodaboda ikipita ikinguruma upande wa kushoto wa uwanja, watu mia mbili wanakosa neno lile lile, na wote wanapaza sauti pamoja: rudia! Mwaka 1995 Sally Floyd, Van Jacobson na wenzao walichapisha dawa yake, waliyoitengenezea ubao wa kuchorea uliotumiwa na watu wengi kupitia mtandao. Aliyekosa asiulize papo hapo. Asubiri kidogo, muda wa kubahatisha, na aliye mbali na msemaji asubiri zaidi. Akimsikia mwingine ameuliza swali lile lile, yeye anyamaze, maana jibu litakalomfaa huyo litamfaa na yeye. Tena si lazima ajibu mwenyekiti. Jirani yeyote aliyesikia anaweza kulirudia neno. Katika mpango huu kazi ya kuponya imegawanywa kwa kundi zima, na hakuna mkuu anayemgawia mtu zamu. Adabu ya kusubiri imegeuzwa kuwa hesabu, na hesabu ikabeba uzito ambao risiti elfu hazikuweza kuubeba.

Ila mpango huo unahitaji watu wenye sauti. Dishi lisilo na njia ya kurudisha neno haliwezi kuuliza hata kwa adabu. Kwa hilo mafundi walilazimika kutafuta dawa inayotolewa kabla ya ugonjwa, nayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote.

Chukua namba tatu: 4, 7 na 2. Zitume, kisha utume na ya nne ambayo ni jumla yake, 13. Wa Kinole amekosa ile 4: anatoa 7 na 2 kwenye 13, anaipata. Wa Mgeta amekosa 7: anatoa 4 na 2, anaipata. Wa Matombo amekosa 2: naye hivyo hivyo. Watu watatu, kasoro tatu tofauti, na namba moja ya ziada imewaponya wote bila yeyote kufungua kinywa. Hata mtumaji hakuhitaji kujua nani amekosa nini. Jörg Nonnenmacher, Ernst Biersack na Don Towsley walionyesha mwaka 1997 jinsi faida hiyo inavyokuwa kubwa katika maltikasti. Katika mazungumzo ya wawili pakiti ya ziada humwokoa mmoja. Katika kundi pakiti hiyo hiyo humwokoa kila mmoja kwa jeraha lake. Wingi wa watu, ambao katika risiti ulikuwa mzigo, hapa umekuwa sababu ya kuiona pakiti ya ziada kuwa rahisi.

Kompyuta hazijumlishi kama nilivyojumlisha mimi. Hulinganisha biti kwa biti, na kwa kasoro zaidi ya moja zinahitaji milinganyo yenye akili zaidi. Milinganyo hiyo ilikuwapo kabla mitandao yenyewe haijakuwapo. Irving Reed na Gustave Solomon waliichapisha mwaka 1960. Katika matangazo ya setilaiti ya kizazi cha kwanza cha dijitali, kila baiti 188 za mzigo zilifuatana na baiti 16 za ulinzi, na mpokeaji aliweza kusahihisha baiti hadi nane zilizoharibika popote zilipo, bila kumuuliza mtu. Gharama yake ni karibu 8 katika kila 100 ya njia nzima. Fundi anailipa gharama hiyo kila sekunde, hata siku ya anga jeupe ambapo hakuna baiti iliyoharibika. Kizazi kilichofuata, kinachotumika sasa, kinategemea zaidi misimbo iliyobuniwa na Robert Gallager mwanzoni mwa miaka ya 1960. Misimbo hiyo ilikaa zaidi ya miaka thelathini ikiwa karibu imesahauliwa, kwa kuwa kompyuta za enzi hizo hazikuwa na nguvu za kuifungua.

Tena makosa ya hewani hayaji moja moja. Huja kwa mkupuo, kama manyunyu yanayotangulia mvua kubwa, na mkupuo mmoja unaweza kuziharibu baiti nyingi zilizofuatana, kupita zile nane. Basi kabla ya kutuma, mafundi huzichanganya baiti kwa utaratibu maalumu, ili zilizokuwa jirani zisafiri mbalimbali. Mkupuo ukipiga, unaumiza moja hapa na moja pale, si jirani nane kwa pamoja. Mpokeaji anapozirudisha mahali pake, jeraha kubwa limegawanyika kuwa mikwaruzo, na kila mkwaruzo unatibika. Mpango huo hauongezi hata baiti moja. Unachogharimu ni kuchelewa kidogo tu, muda wa kuchanganya na wa kupanga upya.

Kisha kuna mvua yenyewe. Mawimbi yanayotumiwa na madishi madogo ya televisheni yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua hula nguvu yake; kila mwenye king'amuzi anajua picha inavyoganda mawingu yanapofungua. Kwa Afrika, EUMETCast ilichagua mawimbi marefu zaidi, ya sentimita saba na ushei, yanayopita katikati ya mvua kwa hasara ndogo. Bei yake ni dishi kubwa zaidi, zito zaidi, lenye kuhitaji msingi imara. Ninaiheshimu biashara hiyo. Huduma ya hali ya hewa inayokatika mvua inaponyesha ingekuwa mzaha, na mtu fulani mbele ya meza yake aliliona hilo mapema akakubali kulipa kwa chuma na zege.

Hadi hapa nimezungumzia kufika. Kufika pekee hakutoshi pale wapokeaji wanapokuwa wenzi wa kazi moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu na kutua Mafia tarehe 4, TMA ilitoa taarifa moja baada ya nyingine kadiri kilivyosogea na kudhoofika. Hebu fikiria ofisi mbili zinazopokea taarifa hizo, zote zikipata kila neno, lakini moja ikapata “hatari imepungua” kabla ya “hatari imeongezeka”. Hakuna kilichopotea, na bado ofisi hizo mbili zinaishi katika siku mbili tofauti. Hivyo hivyo kwa kompyuta zinazotunza nakala za hesabu moja ya fedha: kuweka kisha kutoa si sawa na kutoa kisha kuweka, kama salio lilikuwa sifuri.

Kwa hiyo mafundi walidai zaidi: wote wapokee, na wote wapokee kwa mpangilio mmoja. Mwaka 1984 Jo-Mei Chang na Nicholas Maxemchuk walipendekeza mpango ambamo mmoja wa kundi hupewa zamu ya kuzipa pakiti namba, na zamu hiyo huzunguka. Huko Amsterdam, Frans Kaashoek na Andrew Tanenbaum, katika mfumo wao ulioitwa Amoeba, walimweka mpanga namba mmoja anayepitiwa na kila ujumbe. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Ken Birman na wenzake walijenga Isis, mfumo ambao kila mabadiliko ya wanakundi, fulani ameingia, fulani ametoka, nayo hutangazwa katika mpangilio ule ule wa ujumbe, ili waliobaki wakubaliane hata juu ya nani alikuwapo. Isis iliendesha sehemu za mfumo wa Soko la Hisa la New York na za uongozaji ndege wa Ufaransa, mahali ambapo watu wawili kuona kweli mbili tofauti si suala la kujadili baadaye.

Mpangilio nao una bei yake. Kumsubiri mpanga namba ni kuchelewa, na mmoja wa kundi akizubaa, kundi zima hupunguza mwendo ili kumsubiri. Birman mwenyewe na wenzake walilikabili hilo mwaka 1999 kwa mpango uliokopa tabia ya uvumi: kila kompyuta, mara kwa mara, humchagua mwenzake kwa kubahatisha na kumweleza ina namba zipi, aliyekosa huchukua hapo. Ahadi ikalegezwa kidogo. Badala ya kusema wote watapata kwa hakika, husema karibu wote watapata, kwa uwezekano unaoweza kukokotolewa, na mzembe mmoja hatauangusha mwendo wa wengine. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walikuwa wamethibitisha kwamba katika mtandao usio na kikomo cha kuchelewa, hakuna mpango usiotegemea bahati unaoweza kuhakikisha makubaliano ikiwa hata kompyuta moja inaweza kufa kimya. Aliyekufa na aliyechelewa wanafanana. Mafundi hawakuvunjika moyo kwa uthibitisho huo. Walijifunza kusema wazi wanaahidi nini, kwa nani, na kwa gharama ipi.

Uwazi huo ndio ninaouona kuwa kiini cha ufundi wote huu. Uhakika haupatikani bure. Utaulipia kwa muda, kama anavyolipa anayesubiri mpangilio. Au kwa mzigo wa ziada, kama anavyolipa wa setilaiti. Au kwa kulegeza ahadi, kama anavyolipa wa uvumi. Fundi mbovu hulipa bila kujua amelipa wapi. Fundi mzuri hutazama wapokeaji wake, akauliza kama wana sauti, kama wanahitaji mpangilio, kama wanaweza kusubiri, kisha akachagua mahali pa kulipa. Mwenye dishi asiye na sauti alilipiwa mapema, na aliyemlipia ni mtumaji.

Sasa tufuate kipande cha nne mpaka mwisho wa safari yake. Kutoka Darmstadt hadi kwa mtabiri, kila baiti ina mlinzi. Mtabiri anatazama wingu, anaandika utabiri, na hapo ujumbe unaanza safari nyingine: redio, televisheni, afisa ugani, makundi ya simu. Anayeungoja ni mkulima wa Nyandira, kule Uluguru, mwenye kabichi na karoti shambani, ambaye akijua mvua kubwa inakuja kesho atavuna leo, kabla barabara ya kushuka Mgeta haijawa utelezi, ili mzigo ufike Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro mjini, ukiwa mzima. Yeye ndiye mpokeaji wa mwisho, na ni kwa ajili yake mamlaka za hali ya hewa zinaweka madishi.

Katika hatua hiyo ya mwisho sheria zote tulizozisifu huachwa mlangoni. Ujumbe husomwa redioni saa ambayo yeye yuko shambani. Hukatwa kichwa na kusambazwa tena kwenye simu bila tarehe, hivyo tahadhari ya mwaka jana hurudi msimu huu ikiwa na nguvu mpya. Taarifa ya tatu inamfikia kabla ya ya pili, na hana namna ya kujua kwamba ya pili ilikuwapo. Setilaiti ingekuwa inafanya kazi kwa mtindo huo, tusingepata hata picha moja nzima kwa mwezi.

Tiba yake haihitaji dishi wala hisabati ya Reed na Solomon. Namba ya taarifa itamkwe ndani ya sentensi yenyewe, si kwenye kichwa cha karatasi, ili hata ikikatwa isafiri nayo: hii ni ya tatu, imefuta ya pili. Saa ya kutolewa na saa ya kwisha nguvu zitamkwe vivyo hivyo. Redio irudie namba ya mwisho hata pale isipokuwa na jipya, kwa ajili ya aliyekuwa bondeni. Na afisa ugani anapokutana na wakulima aanze na swali la mwenyekiti yule, nani hakusikia, kwa sababu mkulima asiye na njia ya kuuliza anastahili walau kile ambacho dishi lisilo na sauti limekwisha kupewa.